Barua kwa mwanangu: huo mlango wa trela

Mwanangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Picha za trela lenu la kulala safarini, lenye paa la kushushwa, zimefika, nimezitazama moja moja. Hongera, mashaallah, jasho lako limeonekana. Lakini ile picha ya mlango nimeikuza kwa vidole hadi nikaziona bawaba. Mlango wafungukia nje, ndani hauna wavu, na ngazi iko papo hapo. Paka wako Chausiku ataruka mara moja tu. Tangu jana jambo hilo halinitoki kichwani.

Sikukatazi kumchukua safari yenu ya Naivasha. Wiki mbili ni nyingi kumwachia mtu asiyempenda, na habari ya yule mwanamke wa hadithi ya Mtume aliyemfungia paka bila chakula waijua tangu chuoni. Ninachokuusia ni mlango.

Anza na tundu la kumbebea. Lile la plastiki lenye mlango wa waya latosha, maadamu aweza kusimama na kujigeuza ndani. Lishushe leo kutoka juu ya kabati. Likingoja asubuhi ya safari ndipo asukumwe ndani kwa nguvu, kila akiliona atajificha. Liache wazi sebuleni, tandika leso kuukuu, mlishe humo humo. Akizoea, mfungie dakika 5, kisha mpeleke kwa gari hadi Nyali na kurudi. Siku ya kuondoka asipewe chakula kwa muda wa saa nne kabla, la sivyo atatapika hamjafika Mariakani. Akiwa ni wa kulia njia nzima, daktari wa mifugo aweza kumwandikia gabapentini, dawa ya kumtuliza, nayo ijaribiwe nyumbani kwanza. Usimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumuua paka. Na dawa ya kupe ya mbwa, soma karatasi yake: ikiwa na permethrin, sumu ya wadudu, isimguse kabisa.

Gari likienda, awe ndani ya gari pamoja nanyi, tundu limefungwa mkanda kiti cha nyuma. Utaniambia trela lina nafasi. Trela hurukaruka kila tuta, kabati hufunguka, na huko nyuma hakuna atakayemsikia. Tena kuna joto: nje pakiwa nyuzi 29, gari lililofungwa juani hukaribia 40 kwa dakika 10. Tokeni baada ya swala ya alfajiri mpite Taru jua halijakolea, na mkishuka Voi mmoja wenu abaki naye, gari likiwa na baridi. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, joto limemzidi. Mloweshe kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpepee, mtafute daktari.

Kulala ndani ya hifadhi ya Tsavo msifikirie, huko wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Laleni Mtito Andei, nje ya hifadhi. Ni karibu nusu ya njia ya Nairobi.

Sasa mlango. Fundi akutengenezee fremu nyepesi yenye wavu wa waya, ifungwe kwa ndani kwa bawaba na komeo. Chandarua hakifai, kucha zake zitakichana usiku wa kwanza. Pale kitanda kinapotokeza nje, pitisha mkono turubai linapokutana na mbao: nafasi ya kichwa chake ikipatikana, mwili wote utapita. Chini ya sinki na nyuma ya friji mna matundu ya mabomba na nyaya. Yazibe kwa vipande vya plaiwudi, maana akijibanza humo hamtamtoa bila kufungua skrubu. Na kabla ya kushusha paa, mumuone kwa macho yenu kwamba yuko tunduni. Msiambiane "atakuwa mle." Mumuone.

Watoto waingia na kutoka kama nyuki. Wawekeeni kanuni moja tu: hakuna kushika kitasa kabla ya kusema kwa sauti Chausiku yuko wapi. Nawe ifuate hiyo hiyo, maana milango hujawahi kuijali. Ijapokuwa ile mara aliyopotea siku tisa, dirisha la jikoni nililiacha mimi. Ulilia ukijilaumu nami nikanyamaza.

Akiwa nje avae mkanda wa kifua, ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili. Auzoee nyumbani kwanza, kwani paka hujua kurudi nyuma akachomoka. Kibati cha shingoni kiandikwe namba utakayokuwa nayo safarini. Beseni lake la choo usilisugue. Mchanga wa zamani kidogo uchanganye na mpya, harufu ile ndiyo itakayomwambia hapa ni kwake.

Nitakueleza kwa nini nakazania. Paka akipotea ugenini kwa kawaida haendi mbali. Hujibana karibu, kimya, hata umwite vipi. Hutafutwa usiku kwa tochi, macho yang'ae, na tundu huachwa wazi lina chakula na nguo uliyoivaa. Lakini Naivasha viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Njia hiyo basi huna, nami nakujua: utachukua tochi utoke. Usitoke, mwanangu. Mngoje mapambazuko, trela libaki palepale. Na mlango ukiwa na wavu, hata hayo hayatafika.

Huku twaendelea. Tangi la juu lingali lavuja, fundi asema ni boya. Maji ya mfereji hayajaja tangu Jumatatu, twanunua kwa mitungi, na babako ndiye ayabebaye, mgongo wake ukiwa vile vile. Sufuria yangu kubwa ya pilau iko kwako tangu Idi, naitaka. Sweta za watoto zitie juu ya mzigo, Naivasha usiku ni baridi kwa mtu wa pwani, na Chausiku naye atataka kulala miguuni kwa mtu.

Mahamri nitawapikia usiku wa kuamkia safari. Pitieni myachukue, mje naye tunduni nimwone alivyolizoea. Na hiyo fremu ikishafungwa, nitumie picha yake, mlango ukiwa wazi.

Mamako