Barua ya Sabufa, Kutoka Malimbe

Malimbe, Mwanza
Jumapili, saa kumi jioni

Kwako Jirani wa Kitanda cha Chini,

Salaam nyingi. Mimi mzima, masomo yanakwenda kwa mwendo wa kobe lakini yanakwenda. Shangazi anapanda meli ya Bukoba leo usiku, nikaona nimkabidhi barua hii na mchoro, maana swali lako la juzi halijibiki kwa meseji mbili. Uliuliza ukija chuo ununue sabufa ya dukani au uunde kama yangu. Nitakusimulia nilivyounda, halafu uamue mwenyewe ukijua nilikoangukia.

Nilianza pale kila mtu anapoanzia, kwenye spika. Nilikwenda soko la Mlango Mmoja Jumamosi asubuhi, nikampata jamaa ana spika za magari yaliyokatwa. Akanishikisha moja ya inchi 10, akaniambia nisikilize uzito wa sumaku. Mgongoni imeandikwa wati 1200. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini, nikalipa elfu 45 bila hata kubembeleza sana. Jambo moja nililofanya kwa akili siku ile ni kuipima. Nilibonyeza koni, ule uso wa spika unaotikisika, taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande mbili sawasawa, nikitega sikio: ikikwaruza ndani, koili (ule waya uliosokotwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, rudisha. Yangu ilikuwa kimya. Multimita, kile kipima umeme, ikasoma 3.4, maana yake ni spika ya ohmu 4, yaani ukinzani wake wa umeme. Kisha betri ya redio, ile ya volti moja na nusu: gusisha kidogo kwenye waya, koni ikiruka kuja mbele, upande ule uliogusa chanya ndio chanya. Weka alama kwa kalamu hapohapo, nyumbani utasahau.

Nikafika chumbani, nikaiunganisha ikiwa uchi hivyohivyo juu ya meza. Kaka, nilitaka kulia. Spika inatetemeka mpaka inasogea mezani, lakini besi hakuna! Inatoa kelele kama mtu anapiga kofi begi la nguo. Nikadhani nimeuziwa kimeo.

Unakumbuka tulipokuwa tukiendesha ule mtumbwi wa mjomba wako, ukizamisha kasia na kulisukuma polepole? Maji ya mbele yanazunguka kingo za kasia, yanaziba shimo la nyuma, wimbi halionekani. Spika tupu iko vilevile. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Sauti nyembamba ni ya haraka, hewa haiwahi kuzunguka. Besi ni ya polepole, kwa hiyo hewa ya mbele inapita ukingoni inakutana na ya nyuma, zinauana. Kazi ya kwanza ya sanduku ni kuzitenganisha hizo mbili, basi.

Nilipoelewa hivyo nikajiona mjanja, nikachukua ndoo ya lita 20, nikatoboa mfuniko, nikaipachika spika. Besi ikaja, kweli, ila ikaja na ndoo yake. Plastiki nayo inapumua, kila mdundo unafuatwa na mlio wa plastiki kama kuku anakohoa. Mwenzangu wa chumbani akasema heri ile ya mezani. Na ndoo ya kuogea ikawa imekwenda, nikaazima yake wiki nzima.

Kilichonirudisha kwenye akili ni Bujora. Si unakumbuka ile safari ya shule, tulipoingia kwenye banda la ngoma za watemi pale makumbusho ya Wasukuma? Wewe ulikuwa unahangaika na kupiga picha. Mimi nilikuwa nikiangalia matumbo ya zile ngoma, yalivyo mazito na mapana, gogo zima limechimbwa. Ngoma haina wati hata moja. Ina ngozi, ina hewa iliyofungiwa, na ina ubao usiokubali kutikisika. Nikajiambia hela yote niliipeleka kwenye ngozi, gogo nikalisahau.

Basi nikaenda kwa seremala mmoja Mkolani. Ana mabaki ya plaiwudi ya milimita 18, akaniuzia kwa elfu 20 na kunikatia kwa elfu 10. Shika vipimo hivi: ndani ya sanduku ni sentimita 35 kwa 35 kwa 35. Zidisha upate kama lita 43. Toa lita tatu zitakazoliwa na spika yenyewe na bomba, unabaki na 40. Kwa ubao wa milimita 18, vipande viwili viwe 38.6 kwa 38.6, viwili 38.6 kwa 35, viwili 35 kwa 35. Mwambie akate vyote kwa mashine siku moja, kwa kipimo kimoja. Ukikata kwa msumeno wa mkono pembe hazikutani, na pasipokutana hewa inatoka. Gundi ya mbao tele, skrubu kila baada ya sentimita 10 hivi, halafu silikoni kwenye kona zote kwa ndani. Liache likauke hadi kesho yake, hata kama roho inakuwasha.

Kulileta hosteli lilikuwa sinema. Konda wa daladala alilitazama, akasema hilo si mzigo, hilo ni abiria, litalipa nauli. Nikalilipia kiti na bado nikalipakata.

Kwenye amplifaya ndipo nilipojua maana ya wati. Nilikuwa nimenunua bodi ndogo ya amplifaya, ya kukuza sauti, yenye chipu ya TPA3116, elfu 25, na umeme nikautoa kwenye chaja ya ile kompyuta yangu iliyokufa. Soma mgongoni mwa chaja: volti 19, ampea 3.42. Zidisha, ni wati 65. Sasa wati 1200 zitatoka wapi hapo? Ukifanya hesabu kwa spika ya ohmu 4, volti 19 zinakupa kama wati 45 safi kabla sauti haijaanza kupasuka. Na kwa chumba cha mita 4, nakuapia, wati 45 zinatosha kukufukuzisha. Ile bodi ina kitasa cha kuchuja sauti, nimekiweka karibu na mitetemo 90 kwa sekunde, yaani sabufa inabeba chini ya hapo na vispika vyangu viwili vya mezani vinabeba zilizobaki. Ukipandisha kichujio sana, waimbaji wanaanza kuongea kutoka sandukuni, inachekesha.

Siku ya kwanza kulikuwa na mngurumo, mmm mfululizo hata bila muziki. Umeme wetu ni wa mitetemo 50 kwa sekunde na ulikuwa unapenya kwenye waya wa sauti niliouokota, ule usio na wavu wa shaba kuzunguka. Waya mwingine, mngurumo ukaisha. Sitakupotezea muda hapo.

Muda nataka niutumie kwenye bomba, kwa sababu hapo ndipo nilipopenda hii kazi. Sanduku ukilifunga kabisa linalia vizuri, besi fupi na safi. Lakini ukitoboa ubavuni na kuingiza bomba la maji la inchi 3, hewa iliyo ndani ya bomba inakuwa kama kizibo kinachokwenda mbele na nyuma, na ile ya sandukuni inakuwa springi yake. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia buu? Ndiyo hiyohiyo. Bomba likiwa refu, noti inashuka, ukilifupisha inapanda. Kumbe hesabu zenyewe ni za siku nyingi. Mwaustralia Neville Thiele alizichapisha mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na spika za heshima huuzwa na karatasi ya namba zinazoitwa kwa majina yao. Yangu iliuzwa na vumbi. Kwa hiyo ukubwa wa lita 40 niliubahatisha kwa kuangalia masanduku ya wenye inchi 10, ila urefu wa bomba niliutafuta mwenyewe.

Nilianza na bomba la sentimita 25, maana kukata ni rahisi kuliko kuunga. Hesabu ilisema hapo sanduku litalia kwa mitetemo 33. Nikapakua programu ya kutoa toni kwenye simu, nikawasha mshumaa mbele ya mdomo wa bomba, nikazima taa. Nikaanza toni ya 60 nikishuka mojamoja. Kwenye 60 koni inatikisika waziwazi, mshumaa umetulia. Hamsini, arobaini na tano, moto unaanza kuinama. Nilipofika 33, koni ikawa karibu imesimama! Ukiigusa kwa ncha ya kidole huisikii vizuri. Lakini moto wa mshumaa unapigwa na upepo kutoka kwenye bomba hadi unazimika, na kitanda cha chuma kinatetemeka chote. Spika imesimama, sauti imejaa chumba. Nilikaa sakafuni nikirudia kama mara sita, mwenzangu ananitazama kama nimerogwa.

Ukishuka chini ya hapo, uwe mwangalifu. Koni inapoteza ile hewa ya kuegemea, inaanza kurukaruka ovyo bila kutoa sauti ya maana, na hivyo ndivyo spika nyingi zinavyokufa. Ile michezo ya kuweka toni ya 20 ili kuona koni inavyocheza, waachie wenye hela.

Muziki wenyewe kwenye 33 ulikuwa mzito lakini umechelewachelewa kidogo, kwa sikio langu. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia 41, kwa hiyo sikuona haja ya kwenda chini hivyo. Nikakata hadi sentimita 21, ikawa 35 na ushee, halafu hadi 17 na nusu, 38. Hapo dansi na bongo fleva vikakaa. Singeli haijali, singeli inakwenda mbio kiasi kwamba sabufa yenyewe inahema.

Halafu mahali pa kuiweka. Mimi niliiweka chini ya meza, nikasikia besi imekonda, nikaanza kulaumu bomba. Wimbi moja la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, chumba changu kina mita 4. Linagonga ukuta linarudi, mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana, na wewe hujui umekalia wapi. Dawa yake ni ya aibu lakini inafanya kazi: pandisha sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi ya kutembea, inayopanda na kushuka noti mojamoja, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Pale unaposikia imenona na noti zote zinalingana, hapo ndipo pa kuiweka. Nilikuwa nimefika karibu na mlango kwa magoti na viganja, mwenzangu akaingia.

"Umepoteza nini?"

"Besi."

Akapita juu yangu akaenda kulala. Mahali penyewe palikuwa kwenye kona ya dirisha, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa nimeiweka. Tofauti yake ni kama kununua spika ya pili. Ila kona hiyo iliamsha mfuniko wa sufuria, kioo cha dirisha na skrubu moja ya kitanda, nikakesha nikivitafuta kimojakimoja na kuvibana kwa karatasi.

Na jirani. Chumba cha pili anakaa mwanasheria mtarajiwa, mpole, havuti wala hanywi. Wiki ya kwanza akanigongea saa tano usiku, akaniambia, "Kaka, mimi wimbo siusikii. Nasikia du, du, du, nikidhani ni moyo wangu." Nilimuelewa. Ukuta wa tofali unazuia sauti nyembamba, besi unaiachia ipite, hivyo kwake zilifika dundo peke yake, muziki wote ulibaki kwangu. Nikaweka vipande vya sponji ya godoro chini ya sanduku, nikaivuta kidogo kutoka ukutani, ikapungua bila kuisha. Wodeni naye akapita, hakuandika kitu, alinyoosha tu kidole. Sasa saa tatu usiku nachomoa waya wenyewe, maana nikiiacha imewaka mkono unakwenda kwenye kitasa.

Hesabu: spika 45, ubao na kukata 30, bodi 25, bomba 3, gundi na silikoni 6, waya na skrubu 7. Jumla elfu 116, ukiacha ndoo, nauli ya sanduku, na chaja niliyokuwa nayo. Kwa hela hiyo dukani unapata, ina taa za rangi na rimoti. Nimezisikiliza kadhaa za bei hiyo, masikioni mwangu zinapiga noti moja tu, wimbo wowote bum ileile. Mimi ningekushauri uunde, lakini uanze na sanduku. Spika usinunue mpaka nije tuchague wote, na ukiona maandishi ya wati 1200 cheka tu umwombe apunguze bei.

Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Lile doa kwenye kona ni nta ya ule mshumaa. Shangazi ameshafunga mizigo ananiita, kwa hiyo naishia hapa. Akirudi mpe senene, wale waliokaangwa vizuri, usinitumie wale wa stendi. Kipande kimoja cha bomba kilichobaki nimekiziba chini kwa silikoni, natilia kalamu.

Ni mimi,
wa Kitanda cha Juu