Usiweke sahihi bado

Mwanangu,

Barua hii nimeificha kwenye begi lako kwa sababu juzi tulipoanza kuzungumzia hiyo nyumba unayohamia, sauti zilipanda mpaka mama yako akaondoka sebuleni. Sikutaka tuagane hivyo. Isome ukishatua mizigo, ila kabla hujaweka sahihi kwenye mkataba.

Umeniambia umepiga hesabu. Miezi yote ile ya kufungiwa ndani kwa sababu ya corona, kila mwisho wa mwezi ulibaki na zaidi ya nusu ya mshahara, kwa hiyo pango la nyumba kubwa unalimudu na akiba utaendelea kuweka. Nimekesha na hesabu yako. Kujumlisha umejumlisha vizuri. Tatizo ni miezi uliyoitumia. Pesa ile haikubaki kwa sababu ulijinyima, ilibaki kwa sababu milango ilifungwa. Nauli hukulipa. Viatu havikulika soli. Kinyozi alifunga, sherehe zilizuiwa, safari zikafutwa, na ofisini hukuwa na wenzako wa kukuvuta mkitoka kazini. Sasa wanafungua. Kila kilichokuwa kimesimama kitakuja kudai chake, na wewe tayari umeshamwahidi mwenye nyumba pesa hiyo hiyo.

Hayo hayakukupata peke yako. Aprili 2020 kule Marekani, kaya ziliweka akiba karibu theluthi moja ya kipato kilichobaki baada ya kodi ya serikali, wakati kabla ya ugonjwa hazikuwa zikifikisha hata sehemu moja ya kumi. Kweli, kulikuwa na hundi za msaada wa serikali, lakini pia watu hawakuwa na pa kutumia. Uingereza nako, robo ya pili ya mwaka huo, kiwango cha kuweka akiba kilivunja rekodi. Unadhani mataifa mazima yalijifunza kubana matumizi kwa wiki chache? Wanaosomea uchumi wanatenganisha akiba ya tahadhari, ile mtu anayoweka kwa kuiogopa kesho, na akiba ya kulazimika, inayobaki kwa sababu duka limefungwa. Uliyo nayo ni hiyo ya pili. Ile ya kwanza hujawahi kuwa nayo, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Sisemi hujui kutunza pesa. Mwezi ule kazi zangu zilipokatika, ulimfuata mama yako jikoni ukampa bahasha bila kuambiwa na mtu. Nimewasimulia wengi habari ya bahasha ile na nitaendelea kuwasimulia. Lakini bahasha hiyo hiyo iliyokuwa nzito mwezi wa nne ilikuwa nyepesi mwezi wa saba, na katikati hapo ndipo ilipoanza mizigo ya kuagiza kwa simu. Karibu kila wiki mtu anagonga mlango na boksi. Mengine uliyafungua siku mbili baadaye, hukumbuki tena umeagiza nini. Noti ukiitoa mfukoni unaiona ikiondoka. Ya kwenye simu unabonyeza tu, nawe usiku ule ulikuwa umechoka kukaa ndani na ulitaka kitu kipya kiingie. Ninakuelewa. Ila hilo nalo liingize kwenye hesabu.

Nimekunakilia ukurasa mmoja wa daftari la mama yako, umo ndani ya bahasha hii. Uangalie taratibu. Mstari wa nauli una vistari vitupu kutoka juu hadi chini. Mstari wa umeme tarakimu zimekatwa na kuandikwa upya mara tatu, maana kompyuta yako iliwaka tangu asubuhi na sisi sote tulikuwa ndani mchana kutwa. Mstari wa bando la intaneti kabla ya hapo haukuwepo, aliuongeza chini kabisa kwa kalamu ya rangi nyingine. Mstari wa sabuni una tarakimu moja kubwa mwezi wa tatu, kisha kimya. Hiyo ni kazi yangu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi kwamba ugonjwa umekuwa janga la dunia, nilitoka nikarudi na katoni nne. Moja ipo mpaka leo chini ya kitanda. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walikuta rafu nyeupe.

Pembeni mwa kila mwezi utaona herufi K. Uliwahi kuniuliza nikakujibu ni alama zake tu. K ni kikundi chao cha kuweka na kukopa. Ulichokuwa unatoa kilifika kama nusu ya matumizi ya nyumba hii. Nusu nyingine alikuwa anaitoa kwenye fungu lake la kikundi, mpaka mwezi wa tisa ambapo utaona K imekatwa mstari. Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie. Nilitaka ufanye kazi yako kwa amani, na labda sikutaka unione nikishindwa. Sasa wewe ukaona taa zinawaka, maji yanatoka, ukaamini kwamba maisha ni rahisi kiasi hicho. Namba ulizopigia hesabu sisi ndio tulizipunguza. Hatukudai chochote, na usimtumie mama yako pesa kwa sababu ya haya, atajua nimesema.

Naomba uhesabu akiba yako kwa siku badala ya pesa. Mji wa Wuhan kule China ulifungwa tarehe 23 Januari 2020 ukafunguliwa tarehe 8 Aprili. Siku 76. Chukua pango la nyumba unayoitaka, umeme, bando, chakula, nauli, dawa, uone mshahara ukisimama kesho utakaa humo siku ngapi bila kumpigia mtu simu. Ile kubwa, kwa makisio yangu, ni siku 30. Ile ndogo uliyoikataa inakaribia 90. Na pesa hiyo iwe mahali unapoweza kuifikia usiku huo huo, isiwe imefungiwa kwenye mpango wa miaka, wala isiwe mikononi mwa rafiki aliyeahidi kurudisha. India ilitangaziwa saa mbili usiku kwamba nchi nzima inafungwa usiku wa manane, na vibarua wakaanza kutembea kwa miguu kurudi makwao kwa sababu waliishi kwa malipo ya siku.

Nikitaja vibarua namkumbuka mama aliyekuwa akitufulia. Wiki ya kwanza ya kufungiwa nilimwambia asije, nikaona tumeokoa. Kwenye daftari mstari wake nao una vistari kama nauli, na mimi nilikuwa nikivitazama vile vistari nikifurahi. Mama yako aliniuliza, "Na yeye leo anaandika nini kwenye lake?" Sikumjibu. Kilichobaki kwangu kilitoka mezani kwake. Yeye hakuwa na miezi ya akiba, alikuwa na siku chache tu, na mwezi wa tano alikuja mlangoni kuuliza kama tuna nguo yoyote chafu. Ukianza kukaa peke yako na kuna mtu anakufanyia kazi, huyo umhesabu pamoja na umeme. Usimkate wa kwanza.

Basi nakuomba tena, usiweke sahihi bado. Mwombe mwenye nyumba muda, au chukua ile ndogo kwanza. Kaa miezi mitatu ya kawaida, ya nauli na viatu na marafiki, uandike kila kitu kama mama yako anavyoandika, hata vile vidogo vinavyokatwa kila mwezi kwenye simu kwa burudani ulizojiunga nazo tukiwa ndani. Nadhani ni vinne. Baada ya hapo ukiniambia nyumba kubwa inawezekana, nitakuja mwenyewe kubeba kitanda.

Mdogo wako ameshahamia chumbani kwako, hakusubiri hata shuka zipoe. Bomba la bafuni bado linadondosha, fundi atakuja wiki hii. Katoni ile ya sabuni nimeigawa, nusu iko kwenye begi lako chini ya makoti, nusu nimemtengea mama wa kufua. Anarudi Jumatatu. Nimekwenda kwake mwenyewe kumwomba, na malipo yake tumeyaandika mstari wa kwanza, juu ya umeme.

Ukifika mpigie mama yako kabla hujanipigia mimi.

Baba yako