Mgonjwa wa Crohn anataka kupandikizwa magego: tusubiri hadi lini?

Wakubwa zangu wa fani ya meno na ya magonjwa ya utumbo, shikamooni.

Hapa Mbeya kuna mgonjwa wa makamo mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Amepoteza magego mawili ya taya la juu na anataka ya kupandikiza. Ya kuvaa na kuvua hayataki kabisa. Ugonjwa uko mwisho wa utumbo mwembamba, na ilibidi kwanza tuhakikishe si kifua kikuu cha tumbo, maana huku kwetu hivyo viwili vinafanana mno. Anameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 10 kila siku. Dozi ikishushwa tu, kuharisha kunarudi.

Ufizi wake ni mzima. Hofu yangu iko kwenye mfupa. Siku ya upasuaji skrubu ya titani, ambayo ndiyo mzizi wa jino la kupandikiza, inashikiliwa kwa kubanwa tu na mfupa wa zamani. Kati ya wiki ya pili na ya nne mfupa huo unaliwa huku mpya haujakomaa, na hapo ndipo skrubu inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Sasa Crohn ikiwa hai, kemikali za uvimbe kama TNF na IL-6 zinatembea kwenye damu zikichochea seli zinazokula mfupa, wakati prednisoloni inazidumaza zile zinazoujenga. Utumbo wenyewe haufyonzi vizuri vitamini D wala kalsiamu. Skrubu ikitikisika zaidi ya mikromita 150 hivi, panaota utando wa nyama badala ya mfupa. Hapo kazi imeharibika hata kama hakuna usaha wala maumivu. Na taya la juu, kwa nyuma, mfupa wake ni laini tangu mwanzo.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 2007 waliitaja Crohn kati ya mambo yanayoambatana na vipandikizi kushindwa mapema, kabla jino halijafungwa juu ya skrubu. Ila wagonjwa wa Crohn walikuwa wachache, na sioni haki kumfungia mtu mlango kwa hilo peke yake.

Mpango nilio nao ni huu. Vitamini D ipimwe; ikiwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, ipandishwe kwanza. Kalsiamu ifike kama miligramu 1,000 kwa siku, tukihesabu na chakula: dagaa wa Kyela wanaoliwa na mifupa yao, na mtindi tumbo likiukubali. Kuchimba kuwe kwa mwendo mdogo na maji ya chumvi ya baridi, kwani mfupa uliokaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja hufa. Skrubu ifunikwe na ufizi miezi 6, na upande huo usitafunie mahindi ya kuchoma wala miwa. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuiamsha Crohn. Prednisoloni haikatizwi ghafla kwa sababu ya upasuaji, maana tezi za juu ya figo zimeshazoea kusaidiwa na presha inaweza kuporomoka. Nimeuliza pia kama amewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya zoledroneti, zinazoweza kuozesha taya baada ya upasuaji. Hajawahi.

Ninapokwama ni hapa. Miligramu 7.5 kwa siku kwa miezi 3 au zaidi ndiyo dozi iliyozoeleka kuhesabiwa kuwa hatari kwa mfupa, naye ameshaivuka. Je, tuombe aanzishiwe azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza Crohn, ili prednisoloni ishuke, ingawa itapunguza kinga yake? Utumbo ukae kimya kwa miezi mingapi kabla ya kugusa mfupa? Na kwenye magego ya juu, miezi 6 ya kusubiri inamtosha mgonjwa kama huyu, au mngekwenda hadi 9?

Picha ya eksirei ya taya na majibu ya damu ninayo, naweza kuyatuma bila jina lake.

Daktari wa meno,
Mbeya