Historia ya majengo ya Marekani haiko kwenye ghorofa ndefu tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyeandika kwamba Marekani hakuna majengo ya kutafiti, ila vioo na saruji. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tanga, na hapa Philadelphia ninakarabati nyumba kuukuu za matofali. Naomba nafasi nimjibu.

Nikibandua mbao za sakafu, kitu cha kwanza ninachotazama ni msumari. Uliofuliwa na mhunzi una alama za nyundo kichwani, na mwili wake huchongoka pande zote nne. Wa kukatwa kwa mashine, ulioanza kuenea miaka ya 1790, hupungua pande mbili tu. Msumari wa waya, huu wa mviringo tunaoutumia leo, ulishika soko mwishoni mwa karne ya 19. Msumari mmoja haunitoshi, kwa sababu mafundi wa zamani waliing'oa na kuitumia tena. Ila misumari ya sakafu nzima ikiwa ya aina moja, hapo naanza kukisia umri wa chumba.

Kisha nageukia karatasi, na kwangu mimi hakuna zinazozipita za bima ya moto. Kampuni ya Philadelphia Contributionship, iliyoanzishwa na Benjamin Franklin na wenzake mwaka 1752, ilituma wakaguzi kuandika unene wa kuta, ngazi, hata mbao zilizopambia vyumba. Baadaye zikaja ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto: nyumba ya matofali imepakwa rangi ya waridi, ya mbao njano, na idadi ya ghorofa imeandikwa humo humo. Ukilinganisha ramani za miaka tofauti, unaona jiko limeongezwa nyuma, banda la farasi halipo tena.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya matofali tu. Katika mtaa wa Market palikuwa na nyumba aliyoishi George Washington akiwa Rais, kuanzia 1790 hadi 1797. Sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 1832, na baadaye sana kikajengwa choo cha umma mahali pale. Mtafiti Edward Lawler Jr. alipekua barua za Washington kwa katibu wake pamoja na michoro ya kale, akaipanga upya nyumba ile chumba kwa chumba, na mwaka 2002 akachapisha aliyoyapata. Ndipo watu wengi walipotambua kwamba Washington aliweka watumwa tisa pale, na kwamba baadhi yao walilala hatua chache tu kutoka mlango wa jengo, jipya wakati huo, la Kengele ya Uhuru, ile kengele ya kihistoria ya taifa hili. Wakazi weusi wa mji huu walisimama kidete kudai jambo hilo lisifukiwe. Mwaka 2007 wachimbaji wakaufukua msingi wa jiko. Mmoja wa watumwa hao, Oney Judge, alitoroka mwaka 1796 familia ikiwa mezani, akapanda meli hadi New Hampshire, na hawakufanikiwa kumrudisha. Mji usiotafiti nyumba zake ungemjua vipi mwanamke huyu?

Ombi langu ni kwa vijana wanaosomea usanifu majengo huko nyumbani. Mwaka 1933, uchumi ulipoanguka na wasanifu wengi wakakosa kazi, msanifu majengo Charles Peterson alipendekeza serikali iwalipe wapime na kuchora majengo ya kale kabla hayajatoweka. Mradi huo, Historic American Buildings Survey, ungali hai, na umechora majumba ya matajiri na vibanda vya watumwa pia. Michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, na yeyote mwenye intaneti anaipakua bure. Wafungue kwanza michoro ya nyumba ndogo ndogo, watazame jinsi mlango, dirisha na unene wa ukuta vilivyopimwa, na jinsi jina la mchoraji lilivyoandikwa chini ya karatasi.

Wako,
Seremala wa Tanga
Philadelphia, Marekani