Sensa ya spidi ya injini ipimwe kwanza, ndipo inunuliwe nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na mafundi wenzangu wa dizeli, pamoja na wenye malori, matrekta na jenereta. Hoja yangu ni sensa ya spidi ya injini, ile inayofungwa kwenye nyumba ya flaiwili au karibu na puli ya kranki. Imekuwa desturi kwamba skana ikitoa P0335, yaani msimbo wa kosa unaohusu sensa hiyo, mteja anatumwa dukani kununua sensa. Mpya inafungwa, injini inazima vilevile, kisha lawama inahamia kwenye pampu, kwenye injekta, mwisho kwenye kompyuta. Kila hatua mteja analipa, na mara nyingi kiini ni waya uliochubuka au plagi iliyoingia oili.

P0335 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema njia ya umeme ya sensa hiyo ina kasoro, na njia hiyo ni sensa, plagi, nyaya na kompyuta kwa pamoja. P0336 ni jambo jingine: ishara inafika lakini haieleweki, kwa hiyo macho yaende kwanza kwenye mwanya kati ya ncha ya sensa na gurudumu lenye meno linalopita mbele yake, na kwenye meno yenyewe. Kwa malori na mitambo yenye J1939, mfumo wa mawasiliano ya kompyuta za mitambo mikubwa, utaona SPN (namba ya sehemu yenye kasoro) 190 au 636, na hapo FMI, namba ya aina ya kasoro, ndiyo inayoonyesha njia. FMI 5 hudokeza waya uliokatika, 4 waya uliogusa bodi, 3 volti zilizozidi, 2 ishara inayorukaruka. Fundi anayesoma SPN na kuiacha FMI ameacha nusu ya habari kwenye kioo.

Kabla ya kugusa sensa, pima betri wakati stata inapigwa. Volti zikishuka chini ya 9.6 kwenye mfumo wa volti 12, au chini ya 19 hivi kwenye mfumo wa 24, shughulikia betri na nyaya za stata kwanza. Sensa ya sumaku hutengeneza umeme wake kutokana na meno yanayopita mbele yake. Meno yakipita polepole, umeme unakuwa mdogo mno na kompyuta haiuoni. Wakati huohuo tazama mizunguko kwenye skana. Injini ya dizeli yenye stata nzima huzunguka takriban mara 150 hadi 250 kwa dakika kabla ya kuwaka. Ikisoma 0 huku unaisikia inazunguka, ishara haifiki. Ikisoma 200 iliyotulia, hangaika na mafuta au presha ya reli (bomba la pamoja linalolisha injekta), sensa iache.

Sasa zijue nyaya. Yenye nyaya mbili kwa kawaida ni ya sumaku na koili. Yenye tatu mara nyingi ni ya Hall, yaani yenye saketi ndogo ndani inayohitaji kupewa umeme, ingawa zipo za koili ambazo waya wa tatu ni ngao tu, kwa hiyo fuata mchoro wa injini husika. Ya koili ichomoe, upime omu kati ya pini zake: nyingi husoma kati ya 200 na 1,500, na kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Kisha pima kila pini dhidi ya bodi, ambapo mita isisome kitu. Weka mita kwenye volti za AC na piga stata: upate walau nusu volti, na ipande kadiri injini inavyokaza mwendo. Ya Hall usiipime kwa omu, kwani kipimo hicho hakikuambii chochote na mita yenyewe inaweza kuiharibu. Hiyo pima moto wake, yaani umeme unaoingia, volti 5 au 12 kulingana na mchoro, pima nega yake, halafu irudishe kwenye plagi, ingiza sindano nyembamba nyuma ya waya wa ishara na zungusha injini kwa mkono. Volti ziruke kutoka karibu 5 hadi karibu 0 kila jino linapopita. Mtu yeyote asikae kwenye swichi ya stata wakati mkono wako uko kwenye puli.

Kuna kosa linalofanya sensa nzima zitupwe. Injini inazima ikipata moto, inawaka ikipoa, fundi anapima sensa ya moto na kukuta omu zimepanda, anaitangaza mbovu. Shaba ikipata joto upinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya omu 900 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 1,150 kwenye nyuzi 90, na iko sawa kabisa. Mbovu ni ile ambayo kwenye joto mita inaruka ghafla na kuonyesha njia imekatika, kisha ikipoa inarudi. Hiyo ina waya wa ndani uliopasuka unaoachana unapotanuka. Kisha irudishe sensa kwenye plagi yake, chomoa plagi ya kompyuta, unganisha mita hapo na tikisa waya taratibu kuanzia kwenye sensa hadi kwenye kompyuta. Upimaji wa mwisho ufanye kwenye plagi hiyo ya kompyuta: omu zilingane na zile za kwenye sensa. Zisipolingana, tatizo liko katikati.

Ikiwa umeshaitoa sensa kwenye injini, itazame ncha. Ina sumaku, hivyo hukusanya ndevu za unga wa chuma, na ndevu hizo huvuruga ishara. Futa, lakini ujiulize unga umetoka wapi. Chungulia tundu na mtu azungushe injini pole pole: jino lililovunjika au lililopinda litaonekana. Kwa sensa zinazokazwa kwa boliti moja, mwanya wa kawaida ni milimita 0.5 hadi 1.5, na uchafu chini ya kikalio chake unatosha kuuharibu.

Jenereta zenye gavana ya umeme, kifaa kinachopima mafuta ili spidi isibadilike, hutumia sensa ya kuskrubu. Injini ikiwa imezimwa, hakikisha kuna jino mbele ya tundu na siyo bonde, ingiza kwa mkono hadi iguse, kisha irudishe robo tatu ya mzunguko na kaza nati. Kwa nyuzi za skrubu za M16 x 1.5, ambazo mzunguko mmoja husogeza milimita 1.5, hiyo ni milimita 1.1 hivi. Ukiigusisha kwenye bonde, jino la kwanza litakalopita litaikata ncha. Ili kujua masafa sahihi ya ishara, zidisha idadi ya meno kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60: meno 120 kwenye 1,500 ni Hz 3,000. Na nawasihi wenzangu, gavana ikikosa ishara na kufunga mafuta, msiifungue kwa kamba au kwa mkono ili injini iwake. Hakuna kitakachoizuia isipae spidi.

Ukilazimika kuunga nyaya, zile mbili za koili zisibadilishane nafasi, maana ishara hugeuka na kompyuta hukosa kujua kranki iko wapi. Zisokotwe pamoja kama zilivyotoka kiwandani, zipite mbali na waya wa alteneta, na ngao yake iungwe bodi upande mmoja tu.

Kwa wenye magari na mitambo, ombi langu ni hili: kabla ya kulipia sensa, mwambieni fundi aandike kwenye risiti volti za betri wakati wa stata, omu za baridi na za moto, na volti za ishara. Kwa sensa ya Hall, badala ya omu aandike umeme unaoingia na nega alivyovikuta kwenye plagi.

Fundi wa injini za dizeli