Mhariri, grafini sio selotepu tu

Mhariri salamu, kila grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu, ikiongelewa watu wanaishia kwa Geim na Novoselov wa Manchester, wale walioipata 2004 kwa kubandua grafiti, kaboni ya matabaka ile ya kwenye penseli, kwa selotepu wakapata Nobeli 2010, sawa wanastahili kabisa, ila kuna kazi ya Wajapani ya 1988 mi naipenda zaidi na haisemwi. Pale chuo kikuu cha Tohoku, Sendai, kina Kyotani walichukua montmorilonaiti, udongo ambao ndani ni matabaka membamba yamelaliana kama kurasa, wakaingiza akrilonitraili, kemikali yenye kaboni, katikati, wakaifanya polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, wakaichoma nyuzi 700 hivi, kaboni ikakosa pa kwenda juu wala chini ikabidi itambae tu kwa upana, halafu udongo wakautoa kwa asidi. Na moja ya hizo asidi ni haidrofloriki, hatari sana hiyo! Kaboni iliyobaki ilikuwa haijakaa sawa bado, mpaka ilipopashwa moto nyuzi 2800 ndo ikawa grafiti iliyopangika vizuri.

Sisi Tanzania tuna grafiti Mahenge na Ruangwa lakini tunaongelea tani na bei tu, jamani gazeti lituwekee na kemia yake, wanafunzi wa sekondari wataielewa wakielezwa kwa Kiswahili.

Msomaji wenu, Morogoro