Kichekesho ni changu, ila kuna aliyenitangulia kukisema

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, natamani kuwa mchekeshaji wa jukwaani, na mshereheshaji wa ukumbi ninaohudhuria ameniweka kwenye orodha ya usiku wa chipukizi. Nimepewa dakika tano. Asiyewahi kupanda ataziona chache. Woga ninao, lakini huo sikuandikii. Nakuandikia kwa sababu ya kichekesho kimoja.

Kwanza nikueleze ninavyohudhuria, maana ndiko lilikoanzia. Wenzangu huja kucheka. Mimi hukaa nyuma kabisa, karibu na ile taa nyekundu ya kumjulisha aliye jukwaani kwamba muda wake unakwisha, nikiwa na daftari mapajani. Siandiki vichekesho vya watu. Naandika yanayotokea: kavuta pumzi wapi, kanyamaza kwa muda gani, watu wamecheka kabla hajamaliza au baada. Ukimtazama mchekeshaji usiku mmoja unadhani mambo yote yanamjia papo hapo. Mtazame tena wiki inayofuata. Yuko mmoja ambaye kila akifika mahali fulani husahau jina la shemeji yake, hukuna kichwa, kisha humuuliza mtu wa mstari wa mbele, "Anaitwa nani vile?" Watu hoi. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Baadaye nikagundua hata huyo shemeji hayupo.

Huyohuyo nilimwona akipunguza maneno mawili tu mwishoni mwa sentensi, lile neno lenye kuchekesha likabaki la mwisho, na kicheko kikaja mara mbili ya kile cha wiki iliyopita. Kwenye video huoni haya, kwa sababu video hutolewa kazi ikiwa imeshaiva. Hata mchekeshaji mkubwa wa Marekani kama Chris Rock anajulikana kwa kuingia kumbi ndogo bila kutangazwa, karatasi mkononi, akijaribu vitu vipya na vingine vikimwangukia, kabla ya kuvipeleka kwenye kumbi kubwa. Kwa hiyo, Shangazi, tafadhali usinishauri nibaki nyumbani nitazame simu.

Sasa kichekesho chenyewe. Kinamhusu baba yangu, na ndicho nilichopanga kufungia. Baba anaamini kwamba simu inasafirisha sauti kwa nguvu za anayepiga. Nikiwa chumba cha pili, anaongea kama watu. Nilipohamia mtaa mwingine, akaanza kupaza. Nilipohamia mji mwingine, majirani zake wote wakajua kwamba kodi yangu imechelewa. Siku nikienda ng'ambo tutaifuta laini, hatutaihitaji tena.

Nimekiandika, nikakifuta, nikakiandika upya, na tarehe zote ziko daftarini. Sijakisema mbele ya mtu isipokuwa kaka yangu, ambaye alicheka kwa pua. Kwake yeye hiyo ni sherehe.

Mwezi uliopita akapanda mchekeshaji mmoja mwenye jina lake, mtu ninayemheshimu. Akaanza: "Dada yangu anaishi Kanada." Sikushtuka. "Mama akimpigia, Kanada wanasikia. Simu ni ya kumsikia dada tu."

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilibaki na kalamu hewani. Na nikwambie kweli, kilichoniuma zaidi ni kwamba chake ni kifupi kuliko changu. Hiyo "simu ni ya kumsikia dada tu" mimi ningeitoa wapi?

Hakuniibia. Hajawahi kuliona daftari langu, hata jina langu halijui. Wazee wanaopaza sauti kwenye simu wako kila ukoo, na wawili wakitazama jambo moja si ajabu wakaona jambo moja. Mabishano ya namna hii yameshafika hata mahakamani. Mwaka 2015 mwandishi wa vichekesho Alex Kaseberg alimshtaki Conan O'Brien, mchekeshaji mwenye kipindi chake cha televisheni huko Marekani, akidai kwamba vichekesho alivyoviweka mtandaoni vilijitokeza kwenye kipindi cha O'Brien muda mfupi baadaye. Upande wa O'Brien ukajitetea kwamba watu wawili wanaweza kulifikia wazo lilelile, kila mmoja kivyake. Kesi ikaburutwa hadi 2019, wakamalizana wenyewe. Miaka minne, Shangazi, na mahakama haikuwahi kutoa hukumu kwamba kichekesho ni cha nani.

Sheria hainitishi sana. Hakimiliki hulinda namna ulivyolieleza jambo, wazo lenyewe hailigusi, na maneno yangu na yake hayafanani. Lakini kwenye kumbi hizi hakuna hakimu, kuna sifa ya mtu tu. Mchekeshaji akishaitwa mwizi, wenzake wakimwona anaingia mlangoni huviweka pembeni vichekesho vyao vipya na kusema vile vya zamani ambavyo kila mtu amevizoea. Na mimi, kwa nionavyo, nitahukumiwa kabla sijaishika maiki. Mimi si ndiye yule dada wa nyuma anayeandika-andika? Wachekeshaji hawampendi mtu anayeandika, na siwalaumu. Kuna kumbi ambako simu za watazamaji hufungiwa kwenye mifuko maalumu mpaka onyesho liishe, kichekesho kisije kikavuja kabla ya wakati wake. Mimi nimeachiwa daftari langu kwa hisani ya mshereheshaji tu.

Halafu kuna shaka nyingine, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Nina uhakika gani kwamba ni changu? Zile tarehe zinaonyesha nilikiandika lini, hazionyeshi nilikitoa wapi. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba mwanamuziki George Harrison alinakili wimbo wa wengine bila mwenyewe kujitambua, na jaji alikubali kwamba hakufanya kusudi. Mimi nimekaa kwenye giza la kumbi hizi usiku baada ya usiku nikizinywa sauti za watu. Huenda yule bwana alikigusia zamani, sentensi moja tu iliyopita bila kuchekwa, ikaniingia bila habari. Kwamba baba yangu anapaza sauti ni kweli, mtaa mzima utashuhudia. Lakini wazo la kulichekea nani aliniletea? Kaka anadai kwamba siku hizi hata nikimuuliza saa nanyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho.

Ushauri nimepewa, tena mwingi. Rafiki yangu anasema nikitupe niandike kingine, kana kwamba vinaokotwa. Nikikiondoa, dakika tano zinabaki tatu na nusu na hazina pa kutua. Chipukizi mwenzangu aliyeanza kupanda kabla yangu anasema desturi yao ni kumfuata mhusika na kumwambia waziwazi, "Nina kitu kinachokaribiana na chako," na kwa kawaida aliyetangulia kukisema mbele ya watu ndiye anayebaki nacho, mdogo hupisha. Sawa, nitapisha. Ila naogopa ataona najipendekeza kwake. Au mbaya zaidi, aniambie kwa uungwana, "Kitumie tu," halafu nikitumie huku nikijisikia nimeazima kitu kilichotoka kinywani mwa baba yangu mwenyewe.

Wazo la tatu ni langu. Nipande, nikianze, watu waanze kutazamana, kisha niseme: "Najua mmeshakisikia, na chake ni kizuri kuliko changu. Lakini kama hamuamini kwamba ni baba yangu, nyamazeni kidogo mtamsikia." Halafu ninyamaze kweli, nitege sikio kuelekea mlangoni. Nimemjaribia kaka. Safari hii alicheka kwa mdomo.

Nakipenda hivyo kuliko kilivyokuwa mwanzo. Lakini usiku wangu wa kwanza nikisimama kwa mgongo wa mtu mwingine, itakuwaje? Na walioko ukumbini wasiokuwa wamemsikia yeye watadhani nimechanganyikiwa. Sitaki pia nionekane kama namsuta, maana sina ugomvi naye.

Kwa hiyo nisaidie kwa mawili, Shangazi. La kwanza: nikitupe, nimfuate, au nipande nacho hivyo nilivyokibadili? La pili: je, niache kuhudhuria maonyesho kwa muda mpaka niisikie sauti yangu mwenyewe? Hili la pili linanipa taabu, kwa sababu yote ninayoyajua nimeyapata kwenye kile kiti cha nyuma, na sijui ningeandika nini kama nisingekaa pale.

Naomba usichelewe kunijibu. Orodha inabandikwa Ijumaa, na mshereheshaji ameniuliza nataka kupanda mapema au mwishoni. Nilitaka kusema mwishoni, watu wakiwa wameshachangamka, mpaka nilipoambiwa ni nani amealikwa kufunga usiku huo. Ni yeye, yule wa Kanada. Nikipanda mapema, nitakuwa nimekisema kabla yake, na watu watamuona yeye ndiye aliyeiga. Nikipanda mwishoni, atakuwa amesimama pembeni ya jukwaa akisubiri zamu yake, ananisikiliza.

Wako,
Binti wa kiti cha nyuma